Kosea kwenye boksi, usikosee kwenye mninga: kubuni kiti kuanzia wazo hadi sampuli

Kiti cha kwanza nilichobuni mwenyewe kilikuwa cha mninga mtupu, kimepigwa msasa hadi kinateleza. Bibi yangu alipokikalia, miguu yake ikaning'inia. Hakusema kitu. Alisogea mbele hadi ukingoni, akakaa pale kama mtu anayesubiri kuitwa, na ule mgongo wa kiti nilioutengeneza kwa siku mbili ukabaki nyuma yake bila kazi. Kikalio nilikipa kina cha sentimita 50 kwa sababu kwenye karatasi kilipendeza. Wakati huo mbao zilikuwa zimeshakatwa, gundi imeshakauka na hela imeshakwenda.

Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoishika baada ya siku ile. Nitakupitisha kwenye kiti kimoja tu, kiti cha pili cha bibi yuleyule, tangu hakijawa chochote hadi aliposimama nacho mkononi. Ukikielewa kiti, meza na kabati hazitakusumbua, maana kiti ndicho samani ngumu kuliko zote: kinabeba mwili unaotikisika, unaoegemea na unaojisukuma, na bado watu wanataka kiwe chepesi.

Anza na mkaaji

Wengi wetu tukisema tunabuni, tunafungua simu, tunatazama picha za viti vya Italia na Uturuki, tunachukua mgongo wa hiki na miguu ya kile. Fundi wa Keko pale Dar es Salaam, au wa kandokando ya Ngong Road jijini Nairobi, atakutengenezea chochote utakachomwonyesha, na atakifanya vizuri. Tatizo ni kwamba picha haikuambii kiti kile kilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Kabla hujachora mstari wowote, andika sentensi tatu nne kuhusu mtu, mahali na kazi. Zangu zilikuwa hizi: "Kiti cha bibi wa miaka 74, mfupi, magoti yanamsumbua. Atakikalia mezani wakati wa kula, na jioni atakibeba mwenyewe hadi barazani. Kiwe na mikono ya kushika anapoinuka. Kisizidi kilo 5.5." Hapo tayari mambo mengi yameshaamuliwa. Neno "atakibeba" limeshaondoa godoro zito na mbao nene. Neno "anapoinuka" limeleta mikono, na limekataza kikalio kinacholala sana nyuma.

Vyombo vya kwetu vimefikiriwa hivyohivyo. Kiti cha enzi cha mwambao, kile cha mpingo chenye nakshi za pembe na kamba zilizosukwa, kina mgongo mrefu ulionyooka kwa sababu mgeni wa heshima hakukusudiwa kujilaza. Marufaa ya kuwekea msahafu huchongwa kutoka ubao mmoja, hufunguka na kujifunga bila msumari hata mmoja. Nami nasema mwalimu mkubwa kuliko vyote yuko jikoni: kibao cha mbuzi. Kitazame vizuri siku mojamoja. Kile chuma chenye meno kimechomoza mbele, na mtu anayekuna nazi anakisukuma kwa nguvu, lakini kibao hakipinduki, kwa sababu uzito wa mkunaji mwenyewe ndio unaokishikilia chini. Kazi ikiisha kinakunjwa na kuegemezwa ukutani. Aliyekibuni alianza na mtu aliyekaa, mikono yake na nazi yake. Umbo likafuata.

Pima mwili

Huhitaji vifaa vya hospitali. Futi kamba, vipande vya ubao na mtu mvumilivu vinatosha. Mkalishe kwenye stuli ngumu, nyayo zilale sakafuni, akiwa amevaa ndala anazovaa nyumbani. Kama miguu haifiki, weka ubao chini yake hadi ifike. Kisha pima vitu vinne.

Cha kwanza ni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kikalio, na ndicho kipimo kinachokosewa kuliko vyote. Viti vingi vya kulia chakula huwa na sentimita 43 hadi 46. Bibi alikuwa 41 akiwa na ndala, basi kiti chake kikawa 41. Cha pili ni kutoka makalioni hadi nyuma ya goti. Yeye alikuwa 45. Toa upana wa vidole vitatu hivi ili ukingo usibane mishipa ya nyuma ya goti, unabaki na kina cha 40. Rudi juu uangalie zile sentimita 50 zangu. Cha tatu ni upana wa nyonga. Alikuwa 40, nikampa 46 kati ya mkono na mkono ili khanga na gauni vipate nafasi. Cha nne ni kutoka kikalio hadi kiwiko kilichokunjwa, na kwake kilikuwa 21.

Usiishie kwenye namba. Mwambie ainuke huku unatazama. Bibi aliweka viganja mapajani, akainamisha kifua mbele, akavuta miguu nyuma chini ya stuli, ndipo akasimama. Nilijifunza mawili: mikono ya kiti ifike mbele kabisa, sambamba na ukingo wa kikalio, na chini ya kikalio kwa mbele pasiwe na kipande cha mbao kitakachozuia visigino vyake. Mtu hawezi kukueleza jambo hilo kwa mdomo, mwenyewe hajui kama anafanya hivyo.

Nchini Denmark, Kaare Klint aliyeongoza mafunzo ya samani kwenye chuo cha sanaa cha Copenhagen kuanzia 1924 alijenga ufundishaji wake juu ya jambo hilihili: pima mwili, pima vitu, ndipo uchore. Viti vya Denmark vilivyokuja kusifiwa duniani vilitoka kwenye mikono iliyozoea futi kamba.

Chora vingi, chora haraka

Chukua kalamu ya wino, si penseli, ili usipoteze muda kufuta. Gawa karatasi vyumba vidogo vya ukubwa wa kiberiti na ujaze kimoja kimoja. Chora kiti kwa ubavu, maana tabia ya kiti iko ubavuni: mlalo wa mgongo, mwinuko wa kikalio, mguu wa nyuma unavyopiga hatua. Ukikaa saa moja utapata thelathini. Ishirini za kwanza zitakuwa viti ulivyokwisha kuviona mahali. Endelea. Chagua vitatu visivyofanana kabisa, vingine viache kwenye daftari na uandike tarehe.

Modeli ya chelewa

Hatua hii haihitaji hata shilingi. Vuta chelewa kumi kutoka kwenye fagio la uani. Chelewa moja ina unene wa milimita mbili tatu hivi, kwa hiyo ukitengeneza kiti kwa kipimo cha 1:10, yaani kila sentimita kumi za kweli ziwe sentimita moja, chelewa inakuwa mguu wa sentimita mbili au tatu. Kata kwa wembe, unganisha kwa supa gluu, kaa dakika moja, endelea. Kiti cha kimo cha sentimita 82 kinakuwa na sentimita 8.2, kinakaa kiganjani.

Tengeneza vile vitatu ulivyochagua, kisha ukiweke kila kimoja dirishani mwanga ukitokea nyuma yake. Utaona kitu ambacho mchoro hauonyeshi: nafasi tupu. Kiti ni mbao kidogo na hewa nyingi, na ile hewa iliyo katikati ya miguu ina umbo lake, ama zuri ama baya. Modeli yangu moja ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini chelewa zilipokutana, miguu ya mbele na ya nyuma ikaonekana kama inakimbiana. Nikaitupa palepale bila uchungu, maana haikunigharimu kitu.

Modeli ya boksi na plaiwudi

Kati ya zilizobaki chagua moja, nayo sasa ipande daraja, iwe 1:5. Kimo cha kikalio cha 41 kinakuwa 8.2. Mguu wa sentimita 3.2 unakuwa milimita 6.4, na vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 3 vilivyogandishwa pamoja vinakaribia kabisa unene huo. Mikono na mgongo vikate kwenye boksi gumu kwanza, maana utavibadilisha mara nyingi.

Kata pia mtu wa boksi wa kipimo kilekile. Bibi ana sentimita 152, mtu wake akawa na 30.4, nikamwekea pini nyongani na magotini ili akunjike. Mkalishe. Ukiona goti limepanda juu ya nyonga, au shingo imeenda mbele kuutafuta mgongo wa kiti, rekebisha sasa.

Jaribio jingine: bonyeza kona moja ya juu ya modeli kwa kidole, taratibu, huku umeshika miguu. Modeli itapindika mahali fulani. Hapo ndipo kiti cha kweli kitakapolegea baada ya mwaka. Changu kilipindika pale fremu ya kikalio inapokutana na mguu wa nyuma, na ndipo viti karibu vyote hufia, kwa sababu watu hupenda kuegemea nyuma na kuinua miguu ya mbele. Nikaongeza vipande viwili vya kufunga miguu chini, ubavuni tu, na kimoja cha kuviunganisha katikati. Mbele nikaacha wazi kwa ajili ya visigino vya bibi.

Hans Wegner, Mdenmaki aliyebuni viti zaidi ya 500, alikuwa seremala kabla ya kuwa mbunifu, na modeli ndogo zilikuwa sehemu ya kazi yake ya kila siku. Kiti chake maarufu chenye mgongo wa umbo la Y, alichokibuni 1949, kikalio chake kinasukwa kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi. Nilipokisoma kisa hicho nikakumbuka kuwa sisi tuna katani.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kununua mbao

Watu wengi wanaruka hapa, nami nakusihi usiruke. Mninga au mtiki mkavu una uzito wa takriban kilo 650 kwa mita moja ya ujazo. Maana yake sentimita moja ya ujazo ni gramu 0.65. Orodhesha vipande vyote, zidisha urefu kwa upana kwa unene, jumlisha, kisha zidisha kwa 0.65.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na miguu ya sentimita 4 kwa 4 yenye jumla ya sentimita 288 za urefu, mbao za fremu ya kikalio za 2.5 kwa 6 zenye jumla ya sentimita 180, vifungo vya chini vya 2 kwa 3, mikono ya 2.5 kwa 6 na vibao viwili vya mgongo vya 2 kwa 8. Jumla ikawa sentimita za ujazo 11,038, sawa na kilo 7.2. Hata kamba sijaweka! Nikapunguza: miguu ikawa 3.2 kwa 3.2, fremu 2 kwa 5, mikono 2 kwa 5, vibao vya mgongo 1.5 kwa 7. Jumla ikashuka hadi 7,479, yaani kilo 4.9. Tofauti ya zaidi ya kilo mbili imetoka kwenye milimita chache hapa na pale, na jicho la kawaida lisingeiona. Modeli yenyewe ikawa nzuri zaidi.

Na kompyuta?

Itumie, ila mahali pake. Kuna programu za kuchorea vitu: SketchUp ina toleo la bure la kutumia kwenye kivinjari, na Blender na FreeCAD ni bure kabisa. Kila kipande kichore kama kitu kinachojitegemea, chenye vipimo vyake, usichore kiti kizima kama donge moja; hapo baadaye utapata orodha ya vipande bila kuhesabu upya. Picha inayotoka ni nzuri kwa kumwonyesha mteja aliye mbali. Lakini kwenye kioo hakuna uzito, hakuna goti linalouma, na kila kiungo kinashika. Mimi huingia kwenye kompyuta baada ya modeli ya 1:5.

Kiti cha majaribio

Sasa tengeneza kitu kibaya cha saizi kamili. Tafuta vipande vya paini vya inchi 2 kwa 2 vilivyopinda, vile ambavyo muuza mbao anafurahi kuviondoa, na vipande vya plaiwudi. Funga kwa skrubu, usitie gundi popote, kwa sababu kila kitu lazima kiweze kusogea. Huku sura haina kazi. Unatafuta pembe na vimo.

Kikalio kiinue kidogo mbele. Kwa kiti cha kawaida sentimita 2 hivi zinatosha. Kwa bibi niliweka moja na nusu, maana kikalio kikilala nyuma sana mtu mzima anashindwa kujinasua. Mgongo ulale nyuzi 8 hivi kutoka wima, ambazo kwa kimo cha sentimita 41 juu ya kikalio ni kama sentimita 6 nyuma. Kwa kiti cha kupumzikia ungelaza zaidi.

Halafu mkalishe mwenyewe, si kwa dakika moja. Dakika moja kila kiti ni kizuri. Nilimpelekea bibi akiwa anachambua mchele.

"Bibi, shikamoo. Nimekuletea kiti, usikitazame sura."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiki ndicho?"

"Bado, hiki ni cha kupimia tu."

Akakaa na ungo wake. Baada ya kama dakika ishirini akaanza kuvuta khanga na kuikunja nyuma ya kiuno. Hakulalamika, alikuwa anajitengenezea tu. Nikaleta bisibisi, nikashusha kibao cha chini cha mgongo sentimita 4, nikamwomba aitoe khanga. Aliendelea na mchele. Kipimo hicho kisingepatikana kwenye jedwali lolote.

Kwenye hatua hiihii jaribu kitu chochote usicho na uhakika nacho. Mimi sikuwa na uhakika na kikalio cha kamba, nikatengeneza fremu peke yake na kuisuka. Kamba ikivutwa mzunguko baada ya mzunguko ina nguvu ya ajabu: zile mbao za mbele na nyuma za unene wa sentimita 2 zilijipinda kwa ndani kama upinde. Nikazirudisha kuwa 2.5. Gramu 160 zimerudi, na sikuwa na njia nyingine.

Ramani ya saizi kamili

Skrubu zikishatulia, hamisha vipimo vyote kwenye karatasi ya kaki au ubao wa plaiwudi, kwa saizi ya kweli: ubavu, mbele na juu. Mchoro wa 1:1 hauhitaji kikokotoo; unaweka kipande cha mbao juu yake na kupiga alama. Kutoka humo kata kigezo cha mguu wa nyuma, yaani umbo lake la kufuatisha kwa penseli, kwenye plaiwudi nyembamba. Mguu huo una kona pale kwenye kikalio: sehemu ya juu inalala nyuma kubeba mgongo, na ya chini inarudi nyuma sentimita 3 ili kiti kisipinduke mtu akiegemea.

Kwenye mchoro huo ndipo unapoamua viungo. Kwa kiti, tumia ulimi na tundu, yaani ncha ya kipande kimoja iliyochongwa nyembamba iingie kwenye shimo la kipande kingine, usitegemee misumari. Ulimi uwe karibu theluthi ya unene wa mbao: kwa mbao ya sentimita 2 ni milimita 7. Mguu wangu ni wa 3.2, tundu nikalipa kina cha 2.2, nikabakiza ukuta wa sentimita 1. Sasa angalia kwa makini, maana ndimi mbili zinaingia mguu mmoja, moja ya mbele na moja ya ubavuni, na ndani ya mguu zinagongana. Zikate ncha kwa nyuzi 45 ili zikutane vizuri kama pembe za fremu ya picha. Niliwahi kuona fundi akifupisha ulimi mmoja badala yake; kiti kilianza kulia kabla mwaka haujaisha.

Tengeneza kiungo kimoja tu cha majaribio kwenye kipande cha mbao ileile. Ulimi uingie kwa kusukuma kwa mkono na kumalizia na nyundo ya mbao. Ukiingia wenyewe ni mlegevu, ukilazimisha kwa nyundo ya chuma utapasua mguu.

Kuhusu mbao

Nenda na futi kamba na orodha ya vipande, na ukumbuke kwamba mbao huuzwa kwa inchi na futi kabla ya kupigwa randa. Mbao ya inchi 2 ikishasafishwa pande zote haibaki sentimita 5, shukuru ukipata 4.5. Mguu wa nyuma wenye kona unahitaji upana wa sentimita 9, na ukinunua mbao ya inchi 2 kwa 6 utaweza kulaza miguu miwili, mmoja ndani ya mkunjo wa mwingine. Vilaze vigezo juu ya mbao pale pale dukani, ukikwepa vifundo. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa mguu kadiri inavyowezekana, kwani nyuzi zikikatiza mguu pale kwenye kona, ndipo utakapovunjika.

Mzee mmoja wa Keko alinifundisha kusikiliza mbao. Aliinua ubao wa mtiki upande mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akanusa pale ulipokatwa, kisha akaurudisha kwenye rundo. "Huu bado una maji, kijana. Ukiukata leo, baada ya mwezi mmoja ulimi unacheza ndani ya tundu." Mbao mbichi husinyaa kwa upana wake, si kwa urefu, kwa hiyo kiungo kilichobana leo hulegea kesho. Kama huna kipimo cha unyevu, kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili. Uzito ukiendelea kushuka, subiri. Na ukipeleka samani kutoka Tanga au Unguja kwenda bara kwenye hewa kavu, lipe jambo hili uzito zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, ukifika kwenye meza, ubao mpana wa juu usiugandishe kwenye fremu kwa gundi. Ufunge kwa skrubu zenye nafasi ya kuteleza.

Sampuli

Vipande vikishakatwa, unganisha kiti kizima bila gundi. Hata kama una haraka. Hapo utagundua ulimi uliogeuzwa na tundu lililochongwa upande usio wake, na bado utaweza kurekebisha.

Gundi nayo usiitie siku moja. Gandisha ubavu wa kulia na wa kushoto kwanza, kila mmoja juu ya ile ramani ili ufanane na mchoro na ufanane na mwenzake, uache ukae usiku kucha. Kesho yake unganisha bavu hizo mbili kwa vipande vya mbele na nyuma. Ukishafunga klampu, vile vibano vya kushikilia mbao hadi gundi ikauke, pima kutoka kona hadi kona ya fremu, na kona nyingine hivyohivyo. Vipimo vikilingana, fremu iko sawa. Visipolingana, geuza klampu ivute upande mrefu, haraka, kabla gundi haijashika. Mikono ya kiti huja mwisho: ncha ya mguu wa mbele niliifanya ulimi unaopenya hadi juu ya mkono, nikaupigilia kabari ndogo ya mpingo. Bibi hupenda kuipapasa kwa kidole gumba.

Kiti kikiyumba, usikate mguu kwa kubahatisha. Kiweke juu ya kitu kilicho tambarare kabisa, kama kipande kinene cha kioo, ingiza vikaratasi chini ya mguu ulioning'inia hadi kitulie, kisha piga alama kuzunguka miguu yote kwa penseli iliyolazwa juu ya kibao kimoja. Kata kwenye alama.

Msasa: namba 80 kuondoa alama za randa, 120, halafu 180, daima kufuata nyuzi. Kati ya 120 na 180 pitisha kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi zitasimama, zikikauka unaziondoa moja kwa moja, na vanishi haitakuwa na vinywele. Mikono na ukingo wa mbele vizungushe kwa ukarimu, maana ndipo ngozi inapogusa. Kwa kiti cha ndani napenda vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba.

Kamba ya katani ya milimita 3 iliyo kwenye kikalio ilinila karibu mita 100. Katani ina vinyweleo vinavyochoma, kwa hiyo kabla ya kusuka nilipitisha kamba haraka juu ya moto wa jiko kuviunguza, kisha nikaifuta kwa kitambaa kigumu. Kila baada ya mizunguko kumi gonga kamba zikaribiane kwa kibao na nyundo. Mkono utauma, pumzika, usilegeze.

Kiti kilipokaa kwenye mizani kilikuwa kilo 5.6, gramu 100 juu ya kile kikomo changu cha 5.5. Nilimwacha nacho wiki mbili nikarudi na daftari. Nilikikuta barazani, kwa hiyo kimebebwa. Mikono ya mbele ilikuwa imeshaanza kung'aa kwa kushikwa. Lakini chini ya mkono wa kulia palikuwa na mchubuko kwenye vanishi: bibi alikuwa akikibeba kwa kukikumbatia kiunoni, mkono mmoja, na kifungo cha katikati kikimgonga mguu anapotembea. Nikarudi kwenye ramani ya kaki, nikasogeza kifungo hicho sentimita 5 nyuma kwa penseli nyekundu, nikaandika tarehe pembeni, nikaitundika msumarini pamoja na kigezo cha mguu. Jirani yake ameshaagiza cha kwake, na yeye ana kimo cha sentimita 170. Jumamosi naenda kumpima.